Nyumba Nayo Hufundisha: Tathmini ya Shule ya Nyumbani kwa Watoto Wadogo

Mwezi Machi 2023 Wizara ya Elimu ilitoa waraka uliozuia huduma ya bweni kwa watoto wa darasa la awali hadi darasa la nne. Hoja iliyo nyuma ya waraka huo ni kwamba mtoto mdogo anahitaji kukua karibu na wazazi wake na jamii yake. Katika sharika zetu za Pwani wako walioupokea kwa shukrani, na wako walioupokea kwa wasiwasi, hasa wale wanaotoka Kimbiji alfajiri ili kuwahi pantoni ya Kigamboni, wakarudi usiku watoto wamekwisha kulala. Basi mtoto yuko nyumbani. Je, nyumba itamfundisha nini?

Ndani ya swali hilo limeingia wazo ambalo miaka ya nyuma halikusikika sana huku kwetu, nalo ni shule ya nyumbani. Wazazi kadhaa, wengi wao vijana waliosoma, wanapokea kwenye simu zao vifurushi vya masomo vilivyoandaliwa Marekani kwa ajili ya familia za Kikristo. Mtoto wa miaka mitatu hadi minane anafundishwa na mama yake mezani kwa kukata, kubandika, kupaka rangi na kupanda mbegu kwenye kopo, na kila somo lina mstari wa Biblia. Wazazi hao wanatuuliza sisi wachungaji kama jambo hili ni jema, na kama Mkristo wa Kilutheri anaweza kumtoa mtoto shuleni kabisa ili amlee katika maadili ya imani.

Swali hili ni zito, kwa maana linahusu roho za watoto. Tumeona vema kulijibu kwa kuyapima maandishi yenyewe. Tutapima vifurushi hivyo, kisha kitabu cha mwalimu mmoja Mwingereza kinachopendwa na wengi wanaofundisha nyumbani, kisha Katekisimu Ndogo ya Martin Luther pamoja na barua yake ya mwaka 1524 juu ya shule, na mwisho Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Julius Nyerere. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema. Nyumba ya Mkristo ni shule tayari, wala haihitaji kununua kifurushi ili iwe shule. Inahitaji kazi zake halisi zifanywe pamoja na mtoto, na mzazi afungue kinywa wakati wa kazi. Lakini nyumba hiyo haikupewa kazi ya kuiondoa shule ya kijiji, wala haikupewa ruhusa ya kuwakimbia majirani.

Vifurushi na mstari uliobandikwa

Tuanze na yaliyo mema. Vifurushi hivi vinamketisha mzazi pamoja na mwanawe, jambo ambalo mahubiri mengi yamelitaka bila kulipata. Vinaheshimu mikono ya mtoto. Mtoto wa miaka minne hujifunza kwa kushika, kubomoa na kujenga upya kabla hajajifunza kwa kuambiwa. Maria Montessori aliligeuza jambo hilo kuwa mfumo mzima wa elimu tangu alipofungua nyumba yake ya watoto huko Roma mwaka 1907. Hapa kwetu masista wa Ushirika wa Neema kule Moshi, walio wa Kanisa letu la Kilutheri, wanafundisha walimu wa watoto wadogo kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo anayedai kwamba kazi za mikono ni mchezo wa kupoteza muda, hajui analolisema.

Lakini tunaona kasoro tatu. Ya kwanza ni mazingira. Kurasa hizi zimejaa matufaha, majani yanayopukutika na watoto wanaochezea theluji. Mtoto wa Kimbiji anapaka rangi theluji ambayo hajapata kuiona, na huku nje ya dirisha maji yanakupwa, wanawake wanateremka na ndoo kwenda kuchokoa pweza, na hakuna anayemweleza kwa nini leo maji yameenda mbali kuliko juzi. Bila kukusudia, somo linamwambia kwamba kazi ya Mungu iko nchi nyingine.

Ya pili ni kwamba kazi yenyewe haihitajiwi na mtu. Safina ya Nuhu iliyotengenezwa kwa sahani ya karatasi inapendeza hadi jioni, kisha inafagiliwa. Mtoto anajua kabisa tofauti ya kitu kilichosubiriwa na watu na kitu alichopewa ili atulie. Akikuna nazi kwenye mbuzi, hata kama ni nusu kifuu tu, wali wa nyumba nzima unasubiri tui lake. Hapo ndipo anapojifunza maana ya kuwa mwaminifu katika lililo dogo.

Ya tatu ndiyo kubwa kwetu sisi wa kanisa. Mara nyingi maadili yamebandikwa juu ya kazi kama stempu juu ya bahasha. Mtoto anahesabu vipepeo kumi, na chini ya ukurasa pana mstari unaosema habari za upendo. Tunapendekeza kipimo rahisi: ondoa mstari ule, kisha tazama kama kazi iliyobaki bado inamdai mtoto ukweli, subira au huruma. Ikiwa haimdai kitu, basi mstari ulikuwa pambo. Neno la Mungu halistahili kufanywa pambo.

Watu waliofundisha watoto wao nyumbani kwa muda mrefu hurejea kwa Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyechapisha kitabu chake juu ya elimu ya nyumbani mwaka 1886. Kitabu hicho kina uzito kuliko vifurushi. Mason alikataa mtoto apewe masomo rasmi kabla ya miaka sita. Alitaka akae nje saa nyingi kila siku, ajue miti na ndege wa kwao kwa majina, na akisomewa hadithi aisimulie tena kwa maneno yake mwenyewe bila kukatizwa. Watu wa Pwani, waliokua na paukwa na pakawa, hawana haja ya kufundishwa thamani ya jambo hilo la mwisho. Mtoto aliyesimulia habari za Yusufu na ndugu zake kwa bibi yake jioni, ameimiliki kuliko aliyejibu maswali matano kwa kuweka alama ya vema.

Udhaifu wa Mason ni kwamba aliwaandikia zaidi akina mama wa Kiingereza waliokuwa na nafasi, na ambao nyumbani mwao walikuwamo wasaidizi wa kazi. Mama anayekaanga samaki sokoni tangu saa kumi na moja asubuhi hayumo kitabuni. Yeyote atakayekitumia Kimbiji lazima amtafutie mama huyo nafasi, la sivyo tutakuwa tumeanzisha dini ya watu wenye muda.

Kitabu kilichoandikiwa nyumba

Walutheri wana kitabu cha shule ya nyumbani ambacho kiko kabatini mwa wengi, nacho ni Katekisimu Ndogo. Mwaka 1528 Luther alishiriki katika ukaguzi wa sharika za Saksonia, akakuta watu wasiojua Amri Kumi wala Sala ya Bwana, na wachungaji wengine wasioweza kufundisha. Mwaka uliofuata, 1529, aliandika katekisimu mbili. Ile ndogo ilianza kuchapwa kama mabango ya kutundikwa ukutani. Kila sehemu yake kuu ina kichwa kinachoelekeza namna mwenye nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa urahisi. Siku hizi wengi hukutana nayo katika darasa la kipaimara, wakiwa na miaka kumi na mitatu au zaidi, mbele ya mwinjilisti. Lakini kwa nia ya mwandishi wake, mahali pake pa kwanza ni ukutani mwa sebule, na mwalimu wake wa kwanza ni mzazi.

Tukiipima kama kitabu cha watoto wadogo, nguvu yake ni ufupi na utaratibu wa siku. Ina sala ya kuamkia, sala ya kulalia na sala za mezani. Baada ya sala ya asubuhi inamwelekeza mtu aende kwenye kazi yake kwa furaha. Haimwambii akae akiendelea na ibada hadi mchana. Sala inakwenda moja kwa moja hadi kwenye jembe. Vilevile inapoeleza maana ya kumwamini Mungu Muumba, inataja vitu vinavyoshikika: viungo vya mwili, mavazi, chakula, nyumba, shamba na mifugo. Mzazi wa huku anaweza kuongeza ngalawa, dema na mnazi bila kuharibu kitu.

Nguvu nyingine iko katika dibaji. Luther anawashauri wanaofundisha waitie mkazo zaidi ile amri ambayo watu wao wanaihitaji zaidi. Anatoa mfano wa amri ya saba, inayokataza wizi, kwamba ikaziwe kwa mafundi, wafanyabiashara, wakulima na watumishi. Na katika kuieleza amri hiyo hakuishia kwa mwizi wa usiku, bali alitaja pia bidhaa mbovu na biashara ya hila. Ni katekisimu inayoingia sokoni.

Hata hivyo haifai kusifiwa bila kupimwa. Maelezo yake ni mazito kwa mtoto wa miaka minne, na yakikaririwa bila mfano yanageuka kuwa wimbo usio na maana. Tena kichwa chake kinamlenga baba mwenye nyumba. Katika nyumba nyingi za kwetu anayemfundisha mtoto kusali ni mama au bibi, kwa kuwa baba yuko baharini, yuko mjini, au hayupo kabisa. Biblia imekwisha kutangulia kulitengeneza jambo hilo. Paulo anaitaja imani ya Timotheo kuwa ilikaa kwanza katika bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Bibi anayelea wajukuu Kimbiji aisome Katekisimu Ndogo kama kitabu kilichoandikiwa yeye.

Barua kwa ajili ya shule

Sasa lile swali gumu: je, tumtoe mtoto shuleni? Wapo wanaojibu kwa kumtumia Luther, wakisema aliiweka elimu mikononi mwa wazazi. Hao wanasoma nusu ya Luther. Miaka mitano kabla ya Katekisimu, yaani mwaka 1524, aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani akiwataka waanzishe na kuendesha shule. Sababu alizotoa ni za mtu anayezijua nyumba. Alisema wapo wazazi wasio na nia njema kwa watoto wao, wengi zaidi hawana ujuzi wa kufundisha, na hata wale wenye nia na ujuzi hawana muda wala nafasi. Kwa hiyo mji mzima ulichukue jukumu hilo, kwa wavulana na kwa wasichana pia.

Katika barua hiyo hiyo anapendekeza wavulana wahudhurie shule saa moja au mbili kwa siku, na muda uliobaki wajifunze kazi nyumbani. Wasichana nao wapate hata saa moja ya shule na waendelee na kazi za nyumbani. Saa hizo ni chache mno kwa wakati wetu, na kumpa msichana muda mfupi kuliko kaka yake hatukubaliani nako. Lakini mpangilio wake ni sahihi: shule na nyumba hugawana siku ya mtoto, wala moja haimezi nyingine. Ndivyo Luka anavyotuonyesha Bwana wetu. Akiwa na miaka kumi na miwili aliketi hekaluni kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza (Luka 2:46), kisha akashuka pamoja na wazazi wake mpaka Nazareti, akawatii (Luka 2:51). Na watu wa kwao walimjua kwa kazi ya useremala (Marko 6:3).

Sheria ya nchi yetu inakwenda njia hiyo. Majimbo yote 50 ya Marekani yanaruhusu shule ya nyumbani. Kwetu Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule ya msingi na kuhudhuria. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10. Mzazi Mkristo hana sababu ya kuona hilo kama adui wa imani. Serikali haina dini, lakini shule zake zinatoa nafasi ya vipindi vya dini, na ni juu ya makanisa kupeleka walimu. Palipo na kipindi kisicho na mwalimu, mzazi mwenye uchungu na maadili ameipata huduma yake hapo, na itawafaa watoto arobaini badala ya wawili.

Iko sababu nyingine, ya kijirani. Sisi Wakristo ni wachache katika vijiji vya Pwani. Mtoto wetu akiketi dawati moja na mtoto wa Kiislamu, anajifunza mapema kwamba jirani ni mtu mwenye jina. Tukimtoa ili asichafuke, tumemfundisha somo ambalo Bwana alilikataa katika mfano wa Msamaria. Na majirani hao wana jambo la kutufundisha. Watoto wao wanakwenda madrasa kila siku, baada ya shule, kwa mguu, mvua na jua. Wazazi wao hawakuwatoa shuleni ili wawafundishe dini. Walitafuta saa. Mzazi Mkristo anayeliogopa darasa la serikali aanze kwa kuuliza saa ya mtoto wake iko wapi.

Elimu ya Kujitegemea, na jembe la adhabu

Andiko la mwisho tunalolipima limezaliwa hapa nyumbani. Mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea. Alilalamika kwamba elimu tuliyoirithi inamtenga mtoto na jamii yake, inamfanya aone kwamba maarifa yako vitabuni tu, na kwamba mzee asiyesoma hana la kufundisha. Alitaka kila shule iwe pia na shamba au karakana, na kwamba wanafunzi washiriki kupanga kazi, waamue, waone matokeo ya uamuzi wao na wafaidi mapato.

Kama andiko, hatujui la Kitanzania lililosema vizuri zaidi kwamba mikono na akili ni vya mtu mmoja. Kijiji cha Gezaulole, jirani zetu wa kaskazini, kilikuwa miongoni mwa vijiji vya ujamaa vya miaka ile, na jina lake kwa Kizaramo ni mwaliko: jaribu uone. Lakini mahali pengi kilichobaki ni jembe bila mawazo. Shamba la shule likawa mahali pa kuwapeleka waliochelewa, na kufyeka nyasi kukawa adhabu. Mtoto aliyefundishwa kwamba kazi ni fimbo, atatumia elimu yake yote kuikimbia kazi. Sehemu ya kushiriki, kupanga na kufaidi, ambayo ndiyo moyo wa kijitabu, ilisahauliwa kwanza.

Kosa hilo hilo linaweza kuingia nyumbani likajiita malezi ya Kikristo. Kwa hiyo tuweke mpaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa ajira. Kumtuma mtoto wa miaka saba auze maandazi kituoni hadi usiku hakuitwi mafunzo kwa vitendo. Kazi inayofundisha ina alama zake: inafanywa pamoja na mtu mzima, inalingana na mwili wa mtoto, haimnyimi shule wala mchezo wala usingizi, na wakati inafanywa watu wanazungumza. Ikikosa alama hizo ni utumikishaji, hata kama ilianza kwa sala.

Somo la maji na somo la kopo

Baada ya kuyapima maandishi hayo, tuonyeshe kwa mifano miwili kile tunachokitaka, maana mzazi anayetusoma atasema, haya, kesho nifanye nini?

Mfano wa kwanza ni bahari. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana na usiku mmoja, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mzazi au babu amchukue mtoto wa miaka sita, wachome kijiti pwani mahali maji yalipofika, kesho yake kingine, kwa wiki mbili. Mtoto ataona vijiti vinapanda na kushuka. Atagundua kwamba bamvua huja wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na kwamba katikati yake ni maji mafu. Amehesabu, amepima, ameandika. Hizo ndizo KKK za shule. Kisha afunguliwe Mwanzo 1:14, kwamba Mungu aliweka mianga iwe dalili na majira, na Zaburi ya 104. Hapo mstari haukubandikwa. Mtoto ameukuta pwani kabla ya kuukuta kitabuni.

Tena aelezwe kwamba Pasaka huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, na ndiyo sababu kwa kawaida Juma Kuu lina mwezi mkubwa na pwani yetu ina bamvua. Mtoto wa mvuvi anaweza kujua kwamba Pasaka inakaribia kwa kutazama maji. Na rafiki yake wa madrasa naye anautazama mwezi huo huo kwa ajili ya Ramadhani. Wazungumze.

Mfano wa pili ni kopo. Mama anayeuza dagaa au mchele ana kopo na sado mkononi kila siku. Mtoto wa miaka mitano amsaidie kupima nyumbani: makopo mangapi yanajaza sado, na kopo la nusu ni lipi. Kisha aonyeshwe kopo lililobonyezwa kitako ili lichukue kidogo, aulizwe nani anaibiwa hapo. Aambiwe habari za lumbesa, namna gunia linavyoshonewa kilemba juu na mkulima akalipwa gunia moja. Hapo ndipo amri ya saba inasomwa, pamoja na Mambo ya Walawi 19:35-36 juu ya mizani ya haki na vipimo vya haki. Mtoto huyo hatasahau. Lakini tuangalie: somo hili linamhukumu mwalimu kwanza. Mama mwenye kopo lililobonyezwa hawezi kulifundisha, na hapo ndipo tofauti kubwa ya shule ya nyumbani na kifurushi ilipo. Kifurushi kinamdai mtoto peke yake. Kazi halisi ya nyumba inamdai na mzazi.

Pingamizi mbili

Wengine watasema, hatuna muda. Tunaijua siku ya Kimbiji ilivyo ndefu. Ndiyo maana hatukupendekeza saa mpya. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja nyakati nne za kuwafundisha watoto: uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Hakuna kati ya hizo inayohitaji meza na karatasi za rangi. Mama anapochambua mchele ameketi. Baba anayempeleka mtoto shuleni siku yake ya mapumziko yuko njiani. Aliyerudi usiku akamkuta mtoto bado macho, ana dakika tano za sala ya kulalia. Baba aliye mjini siku tano ana Jumamosi, na Jumamosi moja ya kutengeneza dema pamoja na mwanawe, akimweleza kwa nini tundu liachwe kubwa ili samaki wadogo watoke wakue, ni mahubiri juu ya kesho ya watu wengine.

Wengine watasema, sisi hatukusoma. Kwao tunasema kwa uhakika kwamba mtu anayejua kusuka ukili, kuotesha mihogo, kusoma upepo wa kusi na wa kaskazi, na kusali kwa moyo, ana vya kufundisha kwa miaka kumi. Kusoma atafundishwa mtoto shuleni. Jioni mtoto amsomee bibi mistari michache ya Injili, na bibi amweleze mtoto namna alivyoishi nayo. Hapo wote wawili wamekuwa darasani.

Tunachoomba sharika

Tunaomba mambo yanayowezekana. Jumuiya za nyumba kwa nyumba zinapokutana, watoto wasifukuzwe wakacheze nje hadi mwisho. Wapewe nafasi ya kusimulia hadithi moja ya Biblia kwa maneno yao. Katekisimu Ndogo ianze kufunguliwa nyumbani kabla ya kipaimara, amri moja kwa mwezi, kila moja na kazi yake ya mikono. Walimu wa Shule ya Jumapili watumie vifuu, makuti, mchanga na kombe za pwani yetu. Wenye vifurushi wavitumie kwa kuchagua, wakiacha theluji na kuchukua lile la kukaa na mtoto. Na mwenye elimu na muda wa kufundisha nyumbani, aliyekuwa akifikiri kumfungia mwanawe ndani, aende kwa mwalimu mkuu wa shule ya karibu aulize kipindi cha dini kina nani.

Watoto waliozuiwa bweni wamerudishwa kwetu kwa waraka. Mungu alikuwa amekwisha kuwaweka kwetu kwa ubatizo, pale wazazi na wasimamizi walipoahidi mbele ya usharika kuwalea katika imani. Ahadi hiyo haikutaja shule gani wala kitabu gani. Inatimizwa jikoni, shambani, pwani na njiani, kila siku kidogo, na Roho Mtakatifu hufanya kazi yake katika maneno machache yanayosemwa na mzazi ambaye mikono yake ina unga. Bwana awape wazazi wetu nguvu, na watoto wetu masikio.